Alikuwa mke tu

Hakimu alimuuliza shangazi swali lile lile mara tatu. “Mama, katika nyumba hii wewe ulichangia nini?”

Ulikuwa mwaka 1998, katika mahakama ya mwanzo ya mji mmoja wa pwani ya Tanzania ambao sitautaja. Chumba cha benchi mbili, picha ya Rais ukutani, dirisha la nondo lisilo na kioo, na nje muembe ambao chini yake watu walikaa wakisubiri kuitwa. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, niko nyumbani nangoja matokeo, kwa hiyo kazi ya kumsindikiza shangazi na kumshikia mkoba ikaniangukia mimi. Mkobani mlikuwa na cheti cha ndoa, talaka iliyoandikwa kwa kalamu ya bluu kwenye karatasi iliyochanwa daftarini, hati ya baraza la usuluhishi ya kwamba suluhu imeshindikana, na chupa ya maji ambayo hakuigusa.

Ndoa ilikuwa imekaa miaka 22. Nyumba ilikuwa ya vyumba 6 na ilijengwa kidogo kidogo: msingi, kisha kuta za chumba cha kwanza, kisha bati, kisha vyumba vingine kadiri hela ilivyopatikana. Mumewe alikuwa mtu wa mshahara. Shangazi alikuwa mtu wa vitumbua. Jioni analoweka mchele, saa kumi alfajiri yuko macho, mkaa umeshika, chuma chenye vishimo 7 kimepakwa mafuta, na kabla jua halijatoka wanafunzi na wabeba mizigo wamejaa kibarazani. Kwa hela ya vitumbua watoto wanne walikula, walishonewa sare, walilipiwa ada, walipelekwa hospitali. Na kwa kuwa hayo yote yalikuwa yamelipwa, mshahara wa baba yao ulibaki mzima wa kununulia saruji. Risiti za saruji, bati na misumari zilikuwa zimetunzwa vizuri, zimebanwa kwa pini, na kila moja ilikuwa na jina la mwanamume.

“Nilipika, mheshimiwa,” shangazi alijibu.

“Kupika ni wajibu wa kila mke. Nauliza ulichangia nini.”

“Nililea watoto.”

“Mama, kwenye nyumba. Ulichangia nini?”

Hapo mmoja wa wazee wa baraza waliokaa na hakimu kumsaidia kuamua, mwenye kofia ya viua iliyopigwa pasi ikanyooka, akaomba kusema. Alisema kwa upole, na upole wake ndio ulioniuma kuliko maneno ya hakimu. Alisema dini yetu imekwisha kulimaliza jambo hili: mwanamke akiachwa ana eda yake na ana kitoka nyumba chake, yaani kiliwazo anachopewa akiachwa, na nyumba ni ya aliyeijenga. Shangazi akainamisha kichwa. Tulitoka na shilingi 40,000 za kitoka nyumba. Nilidhani nje atalia au atalaani. Hakufanya hata kimoja. Alikaa chini ya muembe, akaukunja mtandio wake mapajani, akaniambia: “Mwanangu, labda ndivyo ilivyo. Sitaki kula haramu.”

Maneno hayo nimeishi nayo tangu siku ile. Leo mimi ni msaidizi wa kisheria katika kata yetu, na kila wiki nakaa na mwanamke aliyekuja na mkoba kama ule. Wengi wao hakimu hawamwogopi. Wanamwogopa Mungu, na wapo watu wanaolijua hilo na kulitumia. Ndiyo maana nataka kuandika jinsi sheria, dini na haki ya mtu vilivyokutana katika chumba kile cha benchi mbili. Kukutana huko kuna historia yake, na sehemu kubwa ya historia hiyo wanawake wa pwani hatukuwahi kusimuliwa.

Nianze na jambo ambalo hakimu yule alipaswa kulijua. Swali lake lilikuwa limeshajibiwa miaka 15 nyuma, na mahakama ya juu kabisa ya nchi. Bi Hawa Mohamed aliolewa na Ally Sefu mwaka 1971, na mwaka 1980 Mahakama ya Mwanzo ya Ilala, Dar es Salaam, ikaivunja ndoa yao. Bi Hawa akadai sehemu yake katika nyumba. Akaambiwa hana, kwa kuwa nyumba ilipatikana kwa pesa za mume na yeye alikuwa mke tu. Nimeisoma hukumu ya kesi hiyo mara nyingi, na kila nikifika kwenye maneno hayo nasimama. Mke tu! Alikata rufaa Mahakama Kuu, akashindwa tena. Kamati ya Msaada wa Kisheria ya Kitivo cha Sheria, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikaibeba kesi yake mpaka Mahakama ya Rufani, mbele ya majaji watatu wakiongozwa na Jaji Mkuu Francis Nyalali.

Kesi nzima iliegemea kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Kifungu hicho kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo wanandoa waliichuma kwa nguvu za pamoja, na kinaitaka iangalie mchango wa kila mmoja kwa fedha, kwa mali au kwa kazi. Kilichogombewa ni hilo neno la mwisho. Majaji wa Mahakama Kuu walikuwa wamegawanyika: kuna waliosema kazi za nyumbani ni wajibu wa ndoa na hazihesabiki popote, na kuna waliosema zinahesabika. Novemba 1983 Mahakama ya Rufani ikawa upande wa hawa wa pili. Kupika, kufua, kulea na kutunza nyumba ni kazi, na kazi hiyo ni mchango katika mali. Nyalali alieleza kwamba sheria ile ilitungwa ili kuondoa ubaya uliokuwa ukijulikana, nao ni wanawake walioolewa kunyonywa na kukandamizwa na waume zao.

Bi Hawa mwenyewe hakupata kitu katika nyumba ile. Mumewe alikuwa amempa pesa za kuanzishia biashara ya familia, na mahakama ikaona kwamba alizitapanya, kwa hiyo fungu lake amekwisha kulichukua. Nikiwasimulia kinamama habari hii, swali lao la kwanza ni hilo hilo: kwani yeye alipata nini? Nawaambia ukweli. Wanakaa kimya kidogo, halafu yupo atakayesema, “Basi ametulimia sisi.”

Mbona basi jina la Bi Hawa halikutajwa hata mara moja siku ile ya 1998? Sababu moja naijua, na bado inaniudhi. Mahakama ya mwanzo huendesha kesi kwa Kiswahili, lakini hukumu ya Bi Hawa, kama hukumu zote za mahakama za juu wakati huo, iliandikwa kwa Kiingereza. Ilikaa kwenye vitabu vya mawakili, na wakati huo mawakili hawakuruhusiwa kusimama mahakama ya mwanzo. Mwanamke aliyeuza vitumbua angeijulia wapi? Ni mwaka 2021 tu ndipo sheria ilipobadilishwa na Kiswahili kikafanywa lugha ya mahakama zote Tanzania.

Sababu ya pili ni ndefu, inaanzia mbali.

Waingereza walipoichukua Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, amri ya mfalme ya mwaka 1920 ilileta sheria za kwao, na kwa waliowaita “wenyeji” ikaacha mila zitumike, mradi zisipingane na haki na maadili kama Mwingereza alivyoyaelewa. Pwani, maliwali waliotawala miji na makadhi wakaendelea kuamua ndoa, talaka na mirathi za Waislamu. Ng’ambo ya mpaka, kwenye ukanda wa pwani ya Kenya ambao Sultani wa Zanzibar alikubaliana na Waingereza mwaka 1895 wausimamie, kadhi alikuwa na nafasi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu alifika mbele ya sheria akiwa ameshapigwa muhuri: huyu Mzungu, huyu Mhindi, huyu Mwislamu, huyu wa kabila fulani. Haki yake ilisomwa kwenye muhuri. Hakuna aliyeulizwa kwanza kama ni mtu.

Kosa kubwa zaidi, kwa maoni yangu, lilikuja pale mila zilipoanza kuandikwa. Mila ya kwenye mdomo huenda na watu. Bibi mkali huipindisha, ukoo huitafutia njia pale inapoumiza, baba anayempenda binti yake humwachia kipande cha shamba na wenzake wakanyamaza. Ikishaandikwa na serikali inaganda. Hans Cory, mzaliwa wa Vienna aliyekuwa mtaalamu wa jamii wa serikali ya kikoloni, alitumia miaka mingi kukusanya mila za Wahaya, Wasukuma na wengine, akiwauliza wazee na watawala wa jadi. Kazi hiyo ndiyo iliyozaa matangazo ya sheria za mila ya mwaka 1963, wakati Tanganyika imeshakuwa huru. Kanuni ya 20 katika sehemu ya urithi ilisema wanawake wanaweza kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo wataitumia lakini hawataiuza. Ukiuliza wanaume shamba ni la nani, jibu utalipata. Hilo jibu likapigwa chapa, likaitwa mila ya watu wote.

Mwaka huo huo wa 1963 Tanganyika iliunganisha mahakama zake ziwe mfumo mmoja. Nia ilikuwa njema na mimi naiheshimu: taifa changa halikutaka raia wake wahukumiwe kwa mihuri ya mkoloni. Mahakama za maliwali na makadhi zikaondoka bara. Zanzibar zikabaki, na Kenya zikaingizwa kwenye katiba kwa makubaliano ya Oktoba 1963 yaliyouunganisha ukanda wa pwani na nchi mpya. Lakini angalieni kilichotokea bara. Sheria ya Kiislamu haikufutwa. Iliendelea kutumika kwa ndoa na mirathi ya Waislamu, ila sasa ilitumiwa na hakimu ambaye pengine hakuwahi kukaa chuo cha Kurani, akisaidiwa na wazee wa baraza waliochaguliwa kwa heshima yao mtaani. Dini ilibaki chumbani, mtu aliyeisomea akatoka. Nafasi yake akaikalia yeyote mwenye kofia nzuri na sauti ya upole.

Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuja kati ya hayo. Msingi wake mwingi ulitoka Kenya, kwenye tume ya Jaji Spry iliyofanya kazi mwaka 1967 na 1968. Bunge la Kenya lenyewe likaikataa miswada iliyotokana na tume hiyo mara kadhaa, na Kenya ikakaa mpaka 2014 ndipo ikapata sheria moja ya ndoa. Tanzania ilitangulia. Serikali ilitoa waraka wa mapendekezo mwaka 1969, watu wakajadili kwa ukali, wengine wakisema serikali imeingia chumbani kwa watu na kwenye dini zao. Kilichopita ni sheria inayotambua ndoa ya kiserikali, ya Kikristo, ya Kiislamu na ya kimila kwa pamoja. Inayokataza mtu kumpiga mwenzi wake. Inayotaka baraza la usuluhishi kabla ya talaka kufika mahakamani. Inayomruhusu mke kuweka pingamizi mume akitaka kuoa mwingine. Kwa mwaka 1971 hiyo ilikuwa hatua kubwa. Sheria hiyo hiyo iliacha binti aolewe akiwa na miaka 15, na 14 kwa ruhusa ya mahakama, wakati mvulana ni 18. Na katika kile kifungu cha 114, kabla ya kutaja mchango, kinaitaka mahakama izingatie mila na desturi za jamii ya wanandoa. Mlango ulifunguliwa na kuegeshwa kwa wakati mmoja.

Ilipofika mwaka 1984 haki za binadamu zikaingizwa kwenye Katiba ya Tanzania, na kuanzia Machi 1988 raia akaruhusiwa kuzidai mahakamani. Miezi mitano baadaye, Agosti 24, 1988, mwanamke mmoja wa Muleba, Holaria Pastory, akauza shamba la ukoo kwa shilingi 300,000. Shamba alirithi kwa wosia wa baba yake. Alikuwa mzee, hana wa kumtunza. Kesho yake mpwa wake, Bernardo Ephrahim, akakimbilia Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha na kanuni ya 20 mkononi: mwanamke wa Kihaya hauzi shamba la ukoo. Mahakama ya mwanzo ikampa ushindi. Mahakama ya wilaya ikampa Holaria. Mpwa akapanda Mahakama Kuu Mwanza, akamkuta Jaji Mwalusanya.

Hukumu ya Februari 22, 1990 naiona kama moja ya kurasa nzuri zaidi zilizowahi kuandikwa na jaji wa nchi hii. Mwalusanya hakuhangaika kuuliza kama mila ni nzuri au mbaya. Aliuliza kama inaweza kusimama pamoja na Katiba inayokataza ubaguzi na mikataba ambayo Tanzania imeisaini, akaona haiwezi. Mwanamke na mwanaume wana haki sawa ya kurithi shamba la ukoo na kuliuza. Ushindi huo haukuenea kama wengi tulivyotumaini. Wajane wawili wa Shinyanga walipokwenda Mahakama Kuu kupinga kanuni za urithi za mila ya Kisukuma, mwaka 2006 mahakama ilikiri kwamba kanuni hizo zinabagua, kisha ikakataa kuzifuta. Walifika mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zimevunjwa. Huo ni mwendo wa karibu miaka 10 kwa mali, nyumba na heshima ya mjane.

Narudi kwa shangazi, maana yeye ndiye aliyenifundisha sehemu ya dini.

Sheria inatoa siku 45 za kukata rufaa kwenye kesi ya ndoa. Kijana mmoja aliyekuwa akisoma sheria, jirani yetu aliyekuja likizo, alinisimulia kesi ya Bi Hawa, nami nikamkimbilia shangazi kama niliyeokota dhahabu. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Hiyo ni ya serikali,” akasema. “Mimi nataka ya Mungu.” Siku ya 30 na ushee tukaenda kwa maalim aliyemsomesha baba yangu Kurani. Alikuwa mzee sana, haoni vizuri, anakaa kibarazani na tasbihi, watoto wa madrasa wakisoma kwa sauti nyuma yake.

“Shikamoo, maalim.”

“Marahaba, binti yangu. Karibu mkeka.”

Shangazi akaeleza yote, na maneno ya mzee wa baraza pia. Maalim hakumjibu upesi. Aliuliza kwanza kuhusu vitumbua. Mchele ulinunua wewe? Mtaji ulipewa na nani? Faida ilikwenda wapi?

“Kwa watoto, maalim. Chakula, ada, nguo.”

“Na chakula cha watoto na nguo zao, kisheria, vilikuwa juu ya nani?”

“Juu ya baba yao.”

“Ulikuwa unatoa sadaka, au ulikuwa unatoa kwa kuwa yeye hakutoa?”

Shangazi alifikiri. “Yeye alikuwa anajenga.”

“Basi kwa miaka 22 ulikuwa unalipa deni la mtu,” maalim akasema, “naye akajenga kwa fedha ya kulipia deni hilo.”

Halafu akasema jambo ambalo sikuwahi kulisikia maishani mwangu, mimi niliyesoma madrasa miaka 8. Alisema sisi watu wa pwani tunafuata madhehebu ya Imamu Shafii, na wanachuoni wengi wa Kishafii wanasema kumpikia mume, kumfulia na kumfagilia nyumba si wajibu wa mke. Mke anafanya kwa wema na kwa desturi, na anapata thawabu zake. Nafaka, yaani matunzo, ni juu ya mume: chakula, mavazi, makazi. Mali ya mke ni yake, mume hana mkono ndani yake bila ridhaa. Hakimu alisema kupika ni wajibu wa kila mke. Mzee wa kofia alisema dini imelimaliza jambo. Na madhehebu waliyoyafuata wote wawili tangu utoto yalikuwa yakisema vingine kwa karne nyingi.

Akaendelea. Kitoka nyumba, alisema, kipo. Aya ya 241 ya Al-Baqara inataka wanawake walioachwa wapewe cha kuwaliwaza kwa wema. Kiliwazo hicho hakiondoi haki nyingine. Kisha akamsomea aya ya 32 ya An-Nisaa na kuifasiri polepole: wanaume wana fungu katika walichokichuma, na wanawake wana fungu katika walichokichuma.

Nililigandia neno hilo. Kuchuma. Mtu huchuma embe, huchuma karafuu, akipanda juu ya mti na pakacha begani; na mtu huchuma mali. Sheria ya Ndoa kwa Kiswahili inasema mali iliyochumwa kwa nguvu za pamoja. Tafsiri ya Kurani inasema walichokichuma. Maneno mawili kutoka pande mbili ambazo tumefundishwa kwamba zinapigana, yamekaa kwenye kitenzi kimoja cha lugha yetu, na pale mahakamani hakuna aliyefungua mdomo kuuliza shangazi alichuma nini. Waliuliza alichangia nini, kama watu wanaokusanya fedha za harusi.

“Kwa hiyo si haramu?” shangazi akauliza.

“Haramu,” maalim akajibu, “ni kumla mtu jasho lake. Nenda ukadai.”

Sitawadanganya kwamba dini na haki za raia hupatana kila mahali kama zilivyopatana kwenye mkeka ule. Binti Mwislamu hurithi nusu ya fungu la kaka yake, na hapo mabishano ni ya kweli kati ya watu wenye imani na nia safi. Katiba ya Kenya ya 2010 iliona ugumu huo ikaandika wazi kwamba haki ya usawa italegezwa, kwa kiasi kinachohitajika tu, ili sheria ya Kiislamu itumike mbele ya mahakama za kadhi, kwa Waislamu wanaokubali wenyewe kusikilizwa huko. Baadhi ya wanaharakati hawakulipenda. Mimi najua kwamba Malindi na Mombasa wanaofungua kesi kwa kadhi wengi ni wanawake, wanakwenda kudai nafaka na talaka zao, na mara nyingi wanashinda, kwa sababu mbele yao ameketi mtu aliyesomea anachokisema. Bara kwetu mjadala wa kadhi umerudi mara kwa mara. Mwaka 2015 muswada ulifika bungeni ukaondolewa, makanisa yakiogopa serikali kuchukua dini moja mkononi na Waislamu wengi wakiona wamenyimwa chao. Sina jibu la siasa hiyo. Nina ombi dogo tu: yeyote anayeitaja dini mbele ya hakimu ili kumnyima mwanamke kitu, aulizwe ameisoma wapi, na kwa maneno gani.

Ombi hilo lingefaa hata kwenye suala la mabinti. Mwanaharakati Rebeca Gyumi alipopinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa, Mahakama Kuu mwaka 2016 ilikubali kwamba kumwozesha msichana wa miaka 15 ni kinyume cha Katiba, ikaipa serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ikakata rufaa, na mila na dini zikatajwa tena kama ngao. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa hiyo. Ule mwaka mmoja ulipita bila marekebisho, na mwingine ukapita. Nimekaa na wasichana wa umri huo wakiwa na watoto mgongoni. Kuhusu hili sina maneno ya adabu.

Rufaa ya shangazi tuliiwasilisha siku ya 43. Jirani yetu mwanafunzi alituandikia sababu za rufaa kwa mkono, jina la Bi Hawa Mohamed likiwa mstari wa juu. Mahakama ya wilaya ilimpa theluthi ya thamani ya nyumba. Mumewe akalipa kwa awamu nne, ya mwisho baada ya kusukumwa sana. Shangazi akanunua kiwanja pembeni ya mji, karibu na barabara, mahali ambapo wabeba mizigo hupita asubuhi.

Nilikwenda naye duka la vifaa vya ujenzi siku ya kununua mifuko ya kwanza ya saruji. Mwenye duka alimfahamu kwa vitumbua. Akavuta kitabu cha risiti, akaweka karatasi ya kaboni katikati, akauliza, “Niandike jina la mzee gani?”

Shangazi akataja majina yake matatu, moja moja. Jamaa akaandika. Shangazi akakigeuza kitabu kimwelekee, akaliangalia jina la kati, akamwambia ameruka herufi moja, aandike upya.